Mgomba Ule Ulikuwa wa Nani

Nimejaribu kuiandika habari hii kwa utulivu, nimeshindwa. Basi nitaiandika na hasira yangu. Chuoni tuliambiwa kwamba mwalimu mwenye hasira ameshapoteza somo kabla hajashika chaki. Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko wangu mzuri, nikayapigia mstari. Siku hizi najiuliza kama aliyeyasema alikuwa akitufundisha sisi, au alikuwa akijikinga yeye.

Nilikuwa nimemaliza ualimu na kupewa darasa la kwanza katika shule ya kijijini kwetu, upande wa Vuga. Nilikuwa binti wa kwanza wa kijiji kurudi na cheti. Wazee niliowaamkia shikamoo tangu utoto walianza kuitikia "marahaba, mwalimu", na mimi nilirudi nyumbani nikiwaza kama ile "mwalimu" ilikuwa heshima au dhihaka. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza habari za asubuhi, nitalichambua swali lake mpaka jua lizame.

Darasani mwangu alikuwamo mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Nyumbani aliniita dada, shuleni aliniita mwalimu, na njiani, katikati ya huku na kule, aliniita "wewe".

Siku moja, ukungu ukiwa bado umelala uwanjani, mwalimu mkuu aliingia darasani na vitabu vitatu vilivyofungwa kwa karatasi ya kaki.

"Vimetoka bomani, Lushoto," alisema. "Ofisi ya elimu inataka kupendekeza kitabu kimoja cha picha kwa madarasa ya wadogo, wilaya nzima. Kila mwalimu avijaribu vyote vitatu, halafu tutaitwa kwa mkaguzi tuseme kipi kinafaa." Aliniangalia juu ya miwani yake. "Na wewe, binti, nakufahamu. Vijaribu tu. Usivifikirie mpaka vichakae."

Ili mtu aelewe kilichonipanda kichwani baadaye, lazima ajue kwamba watoto wale hawakuwa na kitabu. Walikuwa na vibao vya kuandikia, ubao mmoja uliopasuka, na mimi. Kitabu kitakachopendekezwa ndicho kingekuwa kitabu chao cha kwanza, na kwa wengi wao, hasa wasichana, labda cha mwisho. Sikulala vizuri kwa kulifikiria hilo. Kitabu cha kwanza cha mtu kinapaswa kumwambia nini? Nilijiuliza hata wakati wa kumenya ndizi, mpaka mama akaninyang'anya kisu.

Niliwanawisha mikono kwa maji ya mtungi, baridi kweli kweli, nikawapanga wakizunguka meza yangu. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mtoto wa Kizungu na mbwa wake. Mbwa alilala kitandani, chini ya blanketi. Watoto walimwonea huruma yule mtoto, wakidhani hana ndugu wa kulala naye. Kitabu cha pili kilikuwa cha nguruwe aliyevaa aproni akiwapikia wanawe uji. Nusu ya darasa langu ni Waislamu. Walicheka mpaka mmoja akaangukia benchi, halafu wakaniuliza kwa wasiwasi kama ule uji nao ni haramu. Niliwaambia nitawapa jibu kesho. Nililitafuta siku nzima.

Kitabu cha tatu kilikuwa na picha nzuri kuliko vyote. Lazima niseme hivyo. Aliyekichora alijua milima: rangi ya buluu ya mbali, rangi ya udongo wetu mwekundu baada ya mvua. Kilimhusu mkulima mwerevu na jirani yake mzembe. Nyumba ya mzembe ilizungukwa na migomba, na katikati ya migomba kulikuwa na maharage, mahindi, magimbi na miwa, vyote pamoja. Mbuzi alichungulia mlangoni. Yaani ilikuwa nyumba yetu. Ilikuwa nyumba ya kila mtoto aliyesimama pale. Mkulima mwerevu alikuwa na shati jeupe, na shamba lake lilikuwa matuta matupu, yamenyooka kutoka upande mmoja wa kilima mpaka mwingine.

Mwaka ule amri ya kulima matuta, eti mvua isichukue udongo, ilikuwa imetufikia. Bwana Shamba alikuja na watu wake, wakachomeka vijiti kwenye miteremko kuonyesha tuta lipite wapi, na asiyelima tuta alipelekwa barazani kwa zumbe, mtawala wetu. Wanaume walisaini, wanawake walichimba. Kwa hiyo niliposhika kitabu kile, nilijua mara moja kimetoka wapi na kinakwenda wapi.

Tulifika ukurasa wa nne. Mkulima mwerevu ameinua panga, mgomba unaanguka. Mke wake anapiga makofi. Pembeni kabisa amesimama mtoto mdogo, anatabasamu.

Mdogo wangu alisogea, akaweka kidole kwenye picha.

"Mwalimu, ni wa nani?"

"Nani? Huyu ni mkulima mwerevu."

"Si yeye. Mgomba. Mgomba ni wa nani?"

"Labda ni wa huyu mtoto," mvulana mmoja alisema, akionyesha yule wa pembeni.

"Mtoto gani anacheka mgomba wake ukikatwa?"

"Labda ana kichaa."

"Labda ni wa ndugu yake aliyekufa."

"Halafu mwangalie huyu baba," alisema mwingine, mtoto wa mkata miti, kwa dharau kubwa. "Amekata kwa juu. Kisiki amekiacha ardhini. Si utaota tu? Mwerevu wapi huyu!"

Kwetu, kitovu cha mtoto kikishakauka na kudondoka, mama yake hukizika shinani mwa mgomba ulio karibu na nyumba. Kuanzia siku hiyo mgomba ule ni wa mtoto huyo. Mkungu wake wa kwanza hauuzwi sokoni, unaliwa na watu wa nyumbani, na mtoto mwenyewe anapewa ndizi ya kwanza. Ukimtuma mtoto wa kwetu akate majani ya mgomba ya kufunikia chungu, atauliza kwanza: wa nani? Ni adabu, kama kubisha hodi. Nami nina mgomba wangu. Nikiwa chuoni, kwa tabia yangu ya kupekua kila kitu, niliwaza kwamba mgomba ukishazaa hufa, na chipukizi lake hushika nafasi, kwa hiyo huo ninaouita wangu ni kitukuu cha ule wa mwanzo. Niliwaza kwamba basi si wangu. Nilipofika likizo nikaenda kusimama shinani mwake, nikaona ni wangu.

Kwa hiyo watoto wale hawakuwa wameshindwa kuisoma picha. Waliisoma mpaka chini ya udongo.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu hakujiandaa kwenda shule. Nilimkuta ameketi chini ya mgomba wake, ule wa ukingoni mwa mteremko, amejifunika kaniki ya mama.

"Haya, inuka. Tunachelewa."

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Shuleni kuna yule mtu."

"Mtu gani?"

"Wa panga."

Nilipiga magoti kwenye umande. "Ni picha, mdogo wangu. Mtu wa kwenye karatasi hakati kitu."

Alinyoosha mkono tu, na nikaona. Vijiti vya Bwana Shamba vilikuja vimejipanga kutoka kwa jirani, vikapita nyuma ya jiko letu, na kimoja kilikuwa kimechomekwa hatua chache kutoka miguuni mwake.

Mama alitoka na jembe begani. Nilimwambia amwamuru aende. Mama yangu hakuwahi kunipinga tangu nipate cheti, na jambo hilo lilinitia wasiwasi siku zote. Siku ile alinipinga.

"Mimi nimeambiwa na serikali nichimbe, nitachimba," alisema kwa Kishambaa, sauti ya chini. "Nina mgongo. Lakini sikumpeleka mtoto shule afundishwe kupigia makofi kitovu chake kinapokatwa. Kama masomo yenyewe ni hayo, bora abaki tulime wote."

"Mama, akiacha sasa hatarudi."

"Basi kiondoe kile kitabu."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia ondoa sufuria motoni. Na sikuweza kumlaumu, maana machoni pake mimi ndiye niliyekuwa shule. Nilijua vilevile kuwa hakutania. Kwetu msichana akikaa nyumbani msimu mmoja wa kulima, jembe linamzoea, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kuwa aliwahi kushika chaki.

Tuliitwa Lushoto wiki hiyo. Tulishuka na mwalimu mkuu kwa miguu tangu alfajiri, tukapanda tena, nikiwa nimebeba viatu mkononi ili visiingie tope kabla ya boma. Njiani nilitunga maneno yangu. Nilianza na shukrani kwa ofisi, nikaitoa, ilifanana na kujipendekeza. Nikaanza na swali, nikalitoa, lilifanana na utovu wa adabu. Nikaanza na watoto.

"Unaongea na nani?" mwalimu mkuu aliniuliza.

"Na mkaguzi."

"Mbona anakujibu vibaya? Uso wako umekunjamana tangu kwenye daraja." Halafu akaacha mzaha. "Binti, uko kwenye majaribio ya kazi. Mwaka haujaisha. Watakapouliza, sema watoto walifurahi. Basi."

Mkaguzi alikuwa Mwingereza mpole. Laiti angekuwa mkali, ningejua pa kuweka chuki yangu. Alitupa chai, alitutolea viti mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa safi, kila neno limepigwa pasi. Juu ya meza vilikaa vitabu vyote vitatu. Cha mbwa kilikwisha haraka. Cha nguruwe kilikwisha haraka zaidi, baada ya mwalimu mmoja mzee kusema, "Bwana, nikirudi na hiki kijijini, wazee watanifukuza mimi na nguruwe wangu." Watu walicheka, mkaguzi alicheka. Nilimchukia kwa kucheka vizuri.

"Kimebaki hiki," alisema. "Picha zake ni bora, habari yake ina faida kwa wazazi pia, na wenzetu wa kilimo wanakipenda. Mwalimu," akanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee chumbani, "watoto wadogo wako walifurahi?"

Maneno yote niliyotunga yalinitoka, kama kuku wanavyotoka mlango ukifunguliwa.

"Cha nguruwe walikicheka, bwana. Hiki hawakucheka."

"Ah. Walisikiliza."

"Waliuliza mgomba ni wa nani."

Mwalimu mkuu alikohoa kikohozi kisichotoka kifuani.

"Ni wa mkulima, bila shaka," mkaguzi alisema.

"Hilo hawakulikubali, bwana." Nikamweleza. Nilieleza juu ya kitovu, juu ya mkungu wa kwanza, juu ya mtoto wa pembeni anayetabasamu. Niliona walimu wenzangu, watu wazima wenye migomba yao majumbani, wakitazama vikombe vyao. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Ndivyo ilivyo." Hata mmoja! Mwalimu wa Rangwi, niliyejua kwa hakika kwamba hawezi kukata jani bila kuuliza, alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari.

Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Alifuta kalamu yake kwa kitambaa.

"Hili ni jambo linalojulikana," alisema kwa upole. "Watoto wa huku hawajazoea picha. Macho yao hukamata kitu kidogo cha pembeni, habari kubwa inawapita. Ndiyo maana wanahitaji vitabu hivi. Na wewe, mwalimu, umesoma. Nilidhani mambo ya vitovu uliyaacha ulipokwenda chuoni."

Wakacheka. Si yeye, yeye alitabasamu tu. Walicheka wenzangu, mwalimu wa Rangwi akiwa wa kwanza. Kitabu kikapendekezwa kabla chai haijapoa, na mkaguzi akanishukuru kwa mchango wangu.

Safari nzima ya kurudi nilitembea na mkaguzi kichwani. Nilikuwa nikijibu. Majibu yalikuja kwa wingi sasa, mazuri, makali, kila kona ya njia na lake. Ningemwambia kwamba katika picha ile kitu kikubwa ndicho kile kilichokatwa. Ningemuuliza kama yeye, akionyeshwa picha ya mtu anayebomoa kaburi la bibi yake, angetazama shati la mbomoaji. Nilimwambia yote hayo, yule mkaguzi wa kichwani mwangu, na yeye akaendelea kunitolea kiti.

Mdogo wangu alinisubiri mlangoni.

"Alisema ni wa nani?"

"Alisema ni wa mkulima."

Alifikiri. "Kwa hiyo hajui."

"Hajui."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi ni mkaidi," alisema, na akaingia ndani. Lakini kesho yake hakuja shule, wala kesho yake ya pili.

Mama alichimba tuta lake kwa mkono wake, akalifuata kila kijiti, ila alipofika kwenye mgomba alilipindisha kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Nilipoliona lile tuta lililopinda nililia, na hasira iliyonishika siwezi kuielezea. Mama yangu, ambaye hajui kusoma, alikuwa amepata njia ya kulima tuta na kuacha mgomba. Maji yangezuiliwa vilevile. Udongo ungebaki vilevile.

Watu wa Bwana Shamba walikuja kukagua. Kiongozi wao, kijana wa rika langu, alitikisa kichwa.

"Limepinda, mama."

"Limempisha mtoto," mama alijibu.

"Mimi pia nina mgomba, mama yangu. Lakini nimetumwa."

Akakata. Panga mara mbili, mgomba ukalala juu ya tuta, maji yake yakichuruzika. Mdogo wangu alisimama karibu sana. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa akitazama mikono ya yule kijana, kisha miguu yake, kisha jembe lililoegemea ukutani ambalo hakuna aliyeligusa. Walipokwisha kuondoka alichuchumaa, akapapasa kisiki.

"Wamekata kwa juu," alisema.

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kuvaa. Mama alimtazama, akanitazama mimi. Akamtilia kiazi cha moto kwenye kila kiganja ashike njiani, kama alivyonifanyia mimi zamani.

Vitabu vilikuwa vimeshafika, sanduku zima, kitabu kimoja kwa watoto wawili. Vilinukia gundi. Mdogo wangu hakufungua ukurasa wa kwanza. Aliruka wa nne, akaenda wa tano, ambako kilima kimelimwa chote, matuta ni safi, na mkulima mwerevu ameweka mikono kiunoni. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Haujaota," alisema.

Na mtoto wa mkata miti akadakia, "Si nilisema? Aliyechora hajui. Mpaka sasa ungekuwa umefika hapa." Akapima kwa kiganja.

Mdogo wangu aliniomba penseli.

Nilikuwa na penseli chache, za kuandikia mahudhurio. Ningeweza kukataa. Niliyafikiria yote pale pale, kwa kasi ninayoijua mimi: mali ya serikali, majaribio ya kazi, mwalimu mkuu, cheti, mama na mgongo wake. Halafu nikachukua wembe, nikazikata penseli vipande vipande, nikavichonga ncha kimoja kimoja mpaka kila benchi likapata chake.

Walichora machipukizi. Yalitoka katikati ya matuta, ubavuni mwa matuta, moja lilitoka kati ya miguu ya mkulima mwerevu. Walifanya kazi kwa makini kuliko somo lolote nililowahi kufundisha, wakiulizana kwa sauti ndogo, "Wako uko wapi? Usichore hapo, hapo ni pangu."

Mkaguzi alikuja msimu wa kipupwe. Alifungua kitabu kimoja, cha pili, cha tatu, akafika kwenye ukurasa ule katika kila kimoja. Uso wake ulibadilika rangi taratibu.

"Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo, nikiwa na sentensi tatu tayari. Mdogo wangu alishasimama.

"Shikamoo, bwana. Mimi nilianza."

"Kwa nini umechafua kitabu?"

"Kilikuwa hakijaisha," alimjibu.

Mkaguzi alimtazama, kisha akanitazama mimi, na upole wote ukamtoka. Nilifurahi kuuona ukitoka. Aliniamuru nibaki baada ya masomo na kifutio nifute vyote, kitabu kwa kitabu. Mwalimu mkuu aliniletea kifutio mwenyewe, akakiweka mezani bila kuniangalia, akasema polepole, "Binti, futa japo viwili vitatu. Vya juu." Nilikaa nacho mpaka darasa likaingia giza. Kifutio kile bado ninacho. Hakijaisha hata pembe.

Wamenihamishia Mtae, mwisho kabisa wa milima, ambako barabara yenyewe inafika kwa kusitasita. Majaribio yangu ya kazi yameongezwa. Mdogo wangu ameingia darasa la pili. Mama amenitumia salamu kwamba kisiki kimetoa chipukizi upande wa juu wa tuta, na kwamba akiulizwa atasema hajui limetoka wapi. Nimelala siku kadhaa nikiwaza watamfanya nini wakiliona. Bado nawaza.

Jana sanduku la vitabu vilivyopendekezwa limefika hapa pia. Mwalimu mkuu wa hapa ananiambia nivigawe Jumatatu. Vimekaa mezani mbele yangu, vinanuka gundi ile ile. Nimefungua kimoja ukurasa wa tano nihakikishe, na kweli, kilima ni kitupu kama kawaida. Nimetafuta wembe. Nimekata penseli zote nilizopewa, na sasa nachonga.